Kisanduku Kati ya Hedwiga na Fanueli

Ukurasa uligoma Ijumaa saa sita mchana, siku ambayo mnunuzi wa Ulaya alisema angeufungua saa kumi.

Lukia, katibu wa kikundi cha wakulima wa tangawizi wa Vudee, alikuwa na wiki tatu tu tangu aanze kujifunza kutengeneza tovuti, katika ofisi yao ndogo pale Same mjini. Tangu biashara iachiwe huria na chama cha ushirika kufa, tangawizi ilikuwa ikiozea majumbani. Mnunuzi huyo ndiye aliyekuwa tumaini lao.

Alikuwa amepanga picha za wanachama thelathini na mmoja kwenye jedwali. Lakini kati ya Hedwiga na Fanueli palikuwa na kisanduku kitupu, na waliofuata wote wamesukumwa pembeni, majina yakiangukia picha zisizo zao.

Alifungua maandishi ya nyuma ya ukurasa, akahesabu mstari kwa mstari. Thelathini na moja. Akarudi kwenye ukurasa: thelathini na mbili. Akapunguza upana, akahifadhi upya, akazima kompyuta na kuiwasha. Kisanduku kipo.

Ndipo aliposikia harufu ya udongo uliolowa, ilhali Same haikuwa imeona tone la mvua tangu Mei.

Akaamua kutoa picha moja moja, aipate yenye kasoro. Alipomtoa Fanueli, ukurasa ukanyooka. Alipomrudisha, kisanduku kikarudi, na safari hii hakikuwa kitupu. Ndani yake kulikuwa na weusi uliosogea polepole kama mtu anayejigeuza chini ya shuka, na ikaja sauti ya kucha zikikwaruza, kwanza kwa mbali, kisha karibu, kisha nyuma ya kioo chenyewe cha kompyuta, mpaka Lukia akashindwa kujua kama anayehema vile ni yeye au ni kile kilichokuwamo.

"Mwenyekiti!"

Mzee Eliamini, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje, aliingia. Akatazama kioo, akavua kofia.

"Mtoe Fanueli, mwanangu. Upeleke bila yeye."

"Kwa nini, mzee? Hiki ni nini?"

Mzee alinong'ona. "Masika iliyopita Fanueli alikuwa na kibarua, binti wa Mbeya, Ikupa. Ardhi ya mlimani ilimporomokea akiwa shambani. Fanueli alituambia baada ya siku mbili. Tukaogopa shamba litafungwa, tukanyamaza."

"Alikufa papo hapo?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Fanueli alisema binti alikuwa akiita chini ya udongo."

Lukia hakumtoa Fanueli. Aliongeza mstari kati ya wale wawili, akaandika: *Ikupa, mkulima.* Kukwaruza kukakoma. Ukurasa ukakaa sawa, akaupeleka zikiwa zimebaki dakika saba.

"Kesho tukamfukue," alisema. "Azikwe kama mtu." Mzee akavaa kofia, akatoka kwenda kuwaita mchungaji na polisi.

Jumamosi walipanda Vudee pamoja na mchungaji na polisi wawili. Palipoporomoka palikuwa na shimo la upana wa mwili, udongo wake umesukumwa kutoka ndani. Nyayo za tope zilielekea nyumbani kwa Fanueli.

Mchungaji akapiga hodi. Fanueli alifungua mlango kidogo, kidole mdomoni.

"Shikamooni wazee," alinong'ona. "Semeni taratibu. Alifika jana, amechoka sana. Ndiyo kwanza amelala."