Sikio la Ermes Ghiretti

Jumapili ile mchana mwimbaji hakukosea. Waliokuwamo katika ukumbi wa opera walikubaliana hivyo baadaye, hata wale waliomzomea. Lakini Ermes Ghiretti, aliyekaa juu kabisa, kwenye benchi lake la miaka yote karibu na ukuta, alisikia sauti ya yule dada ikikatika kama uzi. Akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi wa kuzomea.

Watu wakageuka.

"We Ermes, una nini leo?" Guerrino kinyozi alimnong'oneza. "Mtoto wa watu kaimba vizuri kabisa."

"Imekatika."

"Imekatika wapi?"

"Kule juu. Wewe masikio yako yamejaa sabuni ya kunyolea."

Dirce muuza jibini, mwanamke wa miraba minne ambaye katika mji mzima wa Parma hakumwogopa mtu ila Ermes, alimtazama kidogo, kisha naye akaanza kuzomea. Wengine wakafuata. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Chini walikaa wenye makoti ya manyoya, waliokuja kuonekana tu. Juu, kwenye mbao zinazoumiza matako, walikaa mahakimu, na mkubwa wao alikuwa Ermes. Kazini kwake, katika mji wa Langhirano, alikuwa akidunga mfupa mwembamba wa farasi ndani ya paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, anaunusa mara moja, anasema "zima" au "bovu", na hakuna wa kubisha. Kwa waimbaji ilikuwa hivyo hivyo. Wapo waliotapika nyuma ya pazia kwa kusikia tu kwamba Ermes amekuja.

Kesho yake habari zikaenea mjini: yule dada ameamka hana sauti. Si mafua wala si homa. Akifungua kinywa unatoka upepo mtupu.

"Si niliwaambia?" Ermes alisema baani, mbele ya bilauri yake ya divai. "Koo lilikuwa limeshaharibika."

Lakini divai yenyewe hakuinywa. Kuna jambo hakuwaambia. Kabla sauti haijakatika alisikia mtu akivuta pumzi kwenye sikio lake la kushoto, pumzi ndefu ya mtu anayejiandaa kuimba, na kushoto kwake palikuwa na ukuta. Kisha ikaja harufu ya marashi ya maua ya urujuani, tamu sana, na chini yake harufu nyingine aliyoijua kwa kazi yake: nyama iliyooza karibu na mfupa.

Jumapili iliyofuata aliimba mwanamume. Pumzi ikavutwa, harufu ikaja, sauti ikakatika. Ermes alibana midomo, hakupiga mluzi, akaungana na wenzake kushangilia. Haikusaidia kitu. Yule bwana naye aliamka bubu.

Jumatano, jua likiwa limejaa dirishani, mkewe Nives alikuwa jikoni akisukuma unga uliokandwa kwa mayai, akiimba kwa sauti ya chini kama wanavyoimba wanawake mikono ikiwa na kazi. Ermes alikuwa mezani na kahawa yake. Upande wa kushoto hewa ikapoa, mtu akavuta pumzi, na sauti ya Nives ikakatika.

Kikombe kikamponyoka.

"Nyamaza! Mke wangu, usiimbe tena, nakuomba!"

"Kuna nini, Baba Delfina?" Nives alishtuka. "Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Lakini mtu mwingine alikuwa anamsemesha Ermes, taratibu, kwa adabu, midomo ikigusa kabisa ngozi ya sikio lake: "Imekatika, bwana? Au haikukatika?"

Aliijua sauti ile. Miaka thelathini na moja ilikuwa imepita, lakini aliijua.

Ilikuwa ya Clelia Adorni, mwimbaji aliyefariki mapema Oktoba ile, kabla mambo haya hayajaanza. Tangazo la msiba lilibandikwa ukutani karibu na kanisa, na Guerrino ndiye aliyelisoma kwa sauti. "Ermes, njoo uone! Si yule uliyemfukuza jukwaani? Kumbe alikuwa hai muda wote huu!" Wakacheka wote. Clelia alikuwa amekaa Colorno na shangazi yake tangu siku ile alipozomewa, hajaolewa, hajaimba hata kanisani.

Jioni sauti ya Nives ilikuwa inakwaruza. Asubuhi alikuwa hana sauti kabisa, akionyesha koo lake kwa kidole na machozi yakimlengalenga.

Sasa Ermes akaogopa kweli, maana Delfina, binti yao wa pekee, alikuwa amerudi nyumbani kutoka Milano. Baada ya Jumapili mbili angeimba mara ya kwanza katika mji wake, tena kama mwimbaji mkuu. "Baba," alikuwa amesema, "nikifaulu mbele ya watu wako wa juu, kwingine kote ni mchezo." Ermes hakuwahi kumsifu hata siku moja. Kila Delfina alipofungua kinywa kufanya mazoezi, baba yake alichukua kofia na kutoka mbio, akaenda kuzunguka mitaani akiwa ameziba masikio kwa viganja. Delfina alimtazama dirishani akienda. Aliamini kwamba baba hawezi kuivumilia sauti yake.

Siku ya nne tangu Nives apoteze sauti, Ermes akapanda basi hadi milimani, kwa Bibi Argia, mwanamke aliyetibu majeraha ya moto na kijicho kwa maneno aliyorithishwa na mama yake mkesha wa Krismasi. Argia alimketisha, akaweka sahani ya maji magotini pake, akadondosha mafuta ya zeituni. Tone halikuelea. Lilizama, likakaa chini ya sahani kama jicho.

"Hajakukalia kichwani, baba," Argia alisema polepole. "Amekukalia sikioni. Anadai neno. Neno gani?"

"Sijui."

"Unajua. Mimi nina kuku wa kulisha, usinicheleweshe."

Ermes akainama. Alisema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mkewe wala padri. Mwaka ule alikuwa kijana, ndiyo kwanza ameanza kusikilizwa. Aliapa baani mbele ya wote kwamba Clelia Adorni hataiweza sauti ya juu kabisa ya wimbo wake, itampasukia. Clelia akaja, akaipanda. "Ilitoka safi, Bibi. Safi kama maji ya kisima. Nikaona wote watanicheka. Nikapiga mluzi kabla hajaimaliza, na wao wakanifuata."

"Hakukosea?"

"Hakukosea."

Argia akamwaga yale maji nje ya mlango. "Usiniambie mimi. Kaseme pale pale uliposemea uongo, mbele ya hao hao, kabla binti yako hajafungua kinywa. Atakutoka." Akafuta sahani kwa aproni, hakumtazama. "Ila pepo akitoka mahali hutafuta pa kukaa. Hilo sina dawa yake."

Ermes hakulitia maanani. Alisikia lile la kwanza tu.

Jumapili ya Delfina ikafika. Nives, bado bubu, alikaa chini na jamaa. Ermes alipanda ngazi zile nyembamba, na kila ngazi aliyokanyaga ilikanyagwa tena nyuma yake. Alipoketi, benchi lilibonyea kushoto kwake. Pazia lilikuwa bado limefungwa. Akasimama.

"Jamani, nisikilizeni. Mnamkumbuka Clelia Adorni. Mimi ndiye niliyempigia mluzi. Hakukosea. Nilidanganya."

Mtu akacheka.

"Umeshaanza kunywa mchana, mzee?" Guerrino alisema.

"Nilidanganya, Guerrino. Aliimba safi."

"Nilikuwapo!" Dirce aliinuka, shingo imemwiva. "Nilikaa hapa hapa. Ilipasuka kama chungu, nimesikia kwa masikio yangu haya mawili!"

"Hukusikia, Dirce. Ulinisikia mimi."

"Kwa hiyo sisi ni wajinga? Miaka yote hii tunafuata mluzi wako kama kondoo?"

"Anamkinga binti yake," mtu akasema kutoka nyuma. "Anatulainisha tuwe wapole." Wakaanza wote kwa pamoja, kila mmoja akieleza jinsi sauti ya Clelia ilivyopasuka, mmoja alisema mara moja, mwingine mara mbili, na kadiri walivyoeleza ndivyo walivyoamini zaidi. Lakini Ermes alikuwa hawasikilizi tena. Kitu kilikuwa kimezibuka sikioni mwake. Ubaridi wa kushoto ukaondoka. Aliona Dirce akijikunyata na kuvuta shali, kisha jirani yake naye akijikunyata, kisha wa tatu, mpaka mwisho wa benchi na benchi la mbele, kama upepo unaopita juu ya ngano.

Taa zikazimwa.

Delfina akaingia na gauni la kijivu, akaimba, na Ermes, aliyekuwa hajasikia sauti ya mwanadamu bila hofu tangu Oktoba, alikaa mikono ikiwa magotini kama mtoto kanisani, akaisikia sauti ya mwanawe ikipanda, ikipita pale pagumu bila kugusa kitu, ikipanda tena hadi kule juu ambako yeye mwenyewe aliwahi kumwangusha mtu, ikasimama pale, ikakaa, nzima, bila doa, mpaka ikashuka yenyewe ilipotaka, na machozi yakamdondokea kwenye masharubu.

Dirce akapiga mluzi.

Guerrino akafuata. Kisha benchi zima, kisha roshani nzima, kwa nyuso za watu waliodhulumiwa. Walikuwa wameisikia sauti ikikatika, na hawakuwa wanaigiza.

"Hakukosea!" Ermes aliruka juu. "Wapumbavu nyinyi, hakukosea!"

Nani angemsikia katika kelele zile? Chini, kwenye mwanga, Delfina aliinua macho kutafuta ni nani. Aliona roshani imejaa watu waliokaa gizani, na mzee mmoja tu amesimama, kinywa wazi, mkono umeinuliwa.

Njiani kurudi nyumbani, sauti ya Nives ilirudi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Ermes, umemfanya nini mtoto?"

Asubuhi Delfina alikuja mezani, shingo imefungwa kitambaa. Alijaribu kusema, ukatoka upepo. Akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa gazeti, akalisukuma mbele ya baba yake.

*Baba, nilikosea wapi?*

"Hukukosea," Ermes alisema. "Delfina, mwanangu, naapa, hukukosea popote."

Delfina alitikisa kichwa. Kisha akaichukua kalamu tena, akapiga mstari chini ya neno *wapi*.