Mtoto Aliyeimba Ukumbini

Kurasa arobaini na moja za mtandaoni zilisema jambo moja, kwa maneno yale yale, hadi nukta. Zilisema kwamba mwimbaji Chiriku alianza kujulikana akiwa na miaka saba. Kwamba siku ukumbi wa mji ulipofunguliwa alipanda jukwaani peke yake, akaimba wimbo mmoja, na watu wazima wakalia. Na kwamba alikuwa pekupeku, miguu yake imelowa maji.

Hayo maji ndiyo yaliyomkera Mwalimu.

Ofisini walimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu kweli. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja, akastaafu, na sasa alikuwa mhakiki wa gazeti dogo la burudani, lenye vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani. Kazi yake ilikuwa kupekua kila dai kabla halijachapwa. Alikuwa na daftari kubwa la mistari: kushoto dai, kisha safu mbili, shahidi wa kwanza na shahidi wa pili. Shahidi sharti awe alikuwapo. Habari ikipata alama mbili za vema kwa kalamu nyekundu, inapita. Ikipata moja, haipiti, hata aje kuiombea nani.

"Mwongo hasumbuki kulowesha miguu ya mtu," alimwambia Mhariri. "Angesema gauni jeupe. Angesema utepe kichwani. Na siku ile, nimeangalia, kulikuwa na ukame. Maji yalitoka wapi?"

"Mwalimu, wewe ukiambiwa jua limechomoza utataka mashahidi wawili."

"Nitawataka. Na wawe waliamka mapema."

Mhariri alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alikuwa ametenga kurasa kumi na mbili kwa miaka arobaini ya Chiriku jukwaani, na Chiriku hakuwa nyota mkubwa. Alikuwa mwimbaji ambaye watu humkumbuka nusu: "Yule, bwana, yule aliyeimba akiwa mtoto." Ukiuondoa ukumbi, hadithi haina miguu.

"Ijumaa tunachapa," alisema. "Nitafutie hao wawili, mama yangu."

Wa kwanza alipatikana Jumanne. Alikuwa mzee wa miaka themanini aliyepiga kinanda siku ile ya ufunguzi. Alimpokea Mwalimu sebuleni, redio ikisema peke yake pembeni.

"Mtoto alikuwapo?" Mwalimu aliuliza.

"Alikuwapo."

"Chiriku?"

Mzee alinyoosha mkono akaizima redio. "Mwanangu, mimi nilimpigia mtoto. Jina waliniambia wengine baadaye. Nilimtafuta sauti yake kwenye kinanda, juu, chini, sikuipata. Nikaona aibu. Nikaweka mikono mapajani, nikabaki namtazama." Akashusha sauti kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. "Wimbo ule una beti sita. Nilikaa karibu naye kama ulivyo wewe. Hakuvuta pumzi hata mara moja."

Mwalimu aliandika yote. Shahidi alikuwapo, na kanuni ni kanuni. Aliweka alama ya vema katika safu ya kwanza.

Jumatano asubuhi Chiriku alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mnene kidogo, mwenye miwani mikubwa ya jua. Alifunga mlango nyuma yake kabla ya kusalimia.

"Nasikia unanitafutia mashahidi."

"Ndiyo kazi, mwanangu."

"Usiwapate."

Mwalimu alimvutia kiti. Alijua sura ya mtu aliyebeba jambo tangu utotoni. Watu hao hukaa ukingoni mwa kiti, hata wakizeeka.

"Siku ile nilikuwa kitandani," Chiriku alisema. "Homa. Mama alikuwa amenifundisha ule wimbo mwezi mzima, ameshawaambia mtaa mzima. Adhuhuri akatoka uani kuchota maji ya kunikanda. Akainama juu ya pipa, amechoka, ana uchungu, akasema peke yake: 'Hata angetokea mtu yeyote amwimbie mwanangu.' Hakusema zaidi. Jioni watu wakajaa nyumbani kwetu kunipongeza."

"Wakakukuta unaumwa?"

"Wakasema maskini, amechoka kwa kuimba." Alicheka, kisha akafunika mdomo. "Mama akanikataza nikiwa bado na homa. Huyo aliyeimba, usimkiri, usimkane. Ukimkana atakuja kukuuliza kwa nini. Ukimkiri mtakuwa wawili kwenye kiti kimoja, na yeye hachoki. Basi mimi miaka yote nikiulizwa nacheka tu. Watu wanasema nina maringo."

"Na hizi kurasa? Nani ameziandika?"

"Mama alifariki mwaka jana. Ya kwanza ilitokea siku ya tatu. Dada yangu akadhani ni mimi, mimi nikadhani ni yeye." Alimshika Mwalimu mkono. "Ukichapa kwamba imethibitishwa, Mwalimu, mimi nitakuwa nani?"

"Shahidi mmoja hatoshi," Mwalimu alisema taratibu. "Bila wa pili, haichapwi. Nakuahidi."

Alikusudia kuitimiza ahadi hiyo. Alhamisi alibaki ofisini peke yake, Mhariri ameshuka kwenda kula, jua liko utosini. Alikuwa amekwisha kunoa maneno ya kumwambia. Alifungua daftari ili aandike "haikuthibitika", na kama alivyozoea alifuata mistari kwa kidole huku akisoma kwa sauti, kama aliye bado mbele ya darasa: "Chiriku. Ukumbi. Shahidi wa pili."

Chini, cherehani ya fundi ilinyamaza. Ikaja harufu ya sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji, nzuri, ya baridi, harufu ya uani kwa mtu mwingine. Na kwenye ngazi, ambazo kila mtu mzima alizipanda akihema, kukasikika nyayo tupu, nyepesi, pa, pa, pa, zikipanda bila haraka, zikapita mlangoni, zikasimama mahali ambapo mtoto husimama akiwa amechelewa na anaona haya. Na Mwalimu, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja aliita majina kila asubuhi huku macho yakiwa daftarini, ambaye mkono wake ulikuwa umezoea kuisikia sauti na kuijibu kabla kichwa hakijaamua lolote, alisikia sauti ya adabu ikisema, "Nipo, Mwalimu," na mkono ukaweka alama ya vema.

Ndipo akainua macho. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na nyayo mbili ndogo sakafuni, zimelowa, vidole vimemwelekea yeye.

Aliikata ile alama kwa mstari. Wino ukajivuta, mstari ukatoweka, alama ikabaki. Alichana ukurasa. Ukurasa uliofuata ulikuwa na alama ile ile mahali pale pale.

Simu iliita.

"Mwalimu, umefanya nini?" Ilikuwa sauti ya Chiriku, lakini imekwaruza, nyembamba, kama inatoka nyuma ya mlango. "Dada yangu kanikuta sebuleni. Kaniambia, 'Samahani, unamtafuta nani?' Kanitoa nje kwa heshima kabisa. Dada yangu, Mwalimu. Tumbo moja."

Ukutani zilikuwa zimebandikwa kurasa kumi na mbili za toleo la Ijumaa, picha za Chiriku arusini, Chiriku safarini, Chiriku na kipaza sauti. Mwalimu aliziangalia moja baada ya nyingine. Katika kila picha, katikati ya watu wazima wanaotabasamu, alisimama mtoto mmoja wa miaka saba, pekupeku.

Nyumba ya Chiriku haikuwa mbali, na Mwalimu alikwenda kwa miguu, karibu mbio, akiwa na miaka sitini na mitatu na goti bovu. Kizingitini aliketi mwanamke. Mwalimu alimtazama, akageuza macho kusoma namba ya nyumba, akamsahau kabisa. Akamtazama tena. Miwani ya jua ilikuwa mapajani mwake.

"Chiriku," Mwalimu alinong'ona, na ilimchukua nguvu kulitamka.

"Usinigeuzie macho," mwanamke alisema. "Kila mtu akinigeuzia macho napungua."

Mlango ulifunguliwa. Dada mtu alikuwa na uso wa furaha. "Mwalimu wa gazeti! Karibu. Chiriku yumo chumbani anafanya mazoezi. Sikia mwenyewe."

Mwalimu alisikia. Wimbo ulikuwa mzuri, wa kitoto, unaoweza kumliza mtu mzima; ulipanda ukashuka ukapanda, ubeti ukaingia ndani ya ubeti, na Mwalimu akajikuta anavuta pumzi kwa niaba ya mwimbaji, anavuta tena, kifua kinambana, kwa kuwa mahali pa kupumzikia palikuwa panapita na hakuna aliyepumzika.

Aliingia chumbani, akaurudisha mlango nyuma yake, akauacha wazi kidogo. Kando ya dirisha, mbele ya benchi la kinanda, mtoto alisimama, amempa mgongo. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye nywele hadi sakafuni, na sakafu haikujaa.

Mwalimu hakujua dua ya kazi hiyo wala dawa yake. Alichokuwa nacho ni sauti moja tu, ile ya siku ya kwanza ya shule, na akaitumia.

"Nyamaza kidogo, mtoto mzuri. Jina lako nani?"

Wimbo ukakatika. "Chiriku."

"Hilo la mwenzako. Lako?"

Maji yalidondoka. "Sina."

"Nani alikuleta huku?"

"Niliitwa. Mama alisema mtu yeyote. Nikaja. Nikaimba." Sauti haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomsimamisha Mwalimu nywele. "Watu wakapiga makofi, wakaenda kwa yule aliyelala. Mimi nilibaki ukumbini. Walizima taa. Hakuna aliyeniambia nenda, hakuna aliyeniambia njoo. Nikangoja."

"Ukangoja miaka arobaini."

"Ni mingi?"

Mwalimu aliketi kwenye benchi, akaweka mkoba wake kando. "Mwachie mwenzako kiti chake, mwanangu. Ana watu wake."

"Nikimwachia, nitakaa wapi?"

Nyuma ya mlango kukasikika kucha zinakwaruza ubao, na sauti ya Chiriku, ndogo sana sasa: "Mwalimu. Nimesahau jina la mama. Nilikuwa nalo sasa hivi. Nimelisahau."

Mwalimu alifumba macho. Alikumbuka madarasa yake, watoto sabini kwenye madawati ya arobaini, na jinsi kila Januari alikuja mmoja aliyechelewa, asiye na karatasi, asiyejulikana katoka wapi, akasimama mlangoni na swali hilo hilo. Hakuwahi kumwambia hata mmoja kwamba nafasi imekwisha. Alikumbuka pia mama wa Chiriku alivyosema: hachoki. Aliyapima yote mawili, na hakujidanganya.

Kisha akauchukua ule mkoba, akauweka chini, akasogea kumpa mtoto nafasi.

Mtoto aligeuka. Mwalimu hakusimulia kamwe aliona nini. Alisema tu kwamba benchi lilinesa kidogo, kama mtu mwepesi amekaa, na upande wake wa kushoto ukaingia baridi hadi kwenye mifupa.

Kule nje dada mtu alipiga ukelele. "Chiriku! Wewe! Mbona umekaa chini kama ombaomba, na gauni hilo jipya?" Na Chiriku alikuwa analia na kulitaja jina la mama yake, mara nyingi, moja juu ya jingine.

Toleo la Ijumaa lilitoka na kurasa sita badala ya kumi na mbili, na Mhariri hakuongea na Mwalimu hadi Jumatatu. Kuhusu ukumbi gazeti lilisema kwamba aliyeimba siku ile hakuwa Chiriku. Alikuwa mtoto mwingine. Wasomaji walimtukana Chiriku wiki nzima, naye alikula kwa hamu, akalala fofofo. Zile kurasa arobaini na moja hazikuonekana tena.

Lakini hayo ni ya baadaye. Alhamisi ile Mwalimu alirudi kwake jioni, taratibu kuliko alivyokwenda, akikanyaga upande mmoja wa njia ili upande wa pili ubaki wazi. Jirani yake alikuwa anaanua nguo. Alimwona, akatabasamu, halafu akainamisha macho chini kidogo, kando ya Mwalimu, kwenye kimo cha kiuno.

"Jirani, leo una mgeni! Huyu mtoto wa nani, mbona kalowa hivi?"

Mwalimu alikuwa hajawahi kuthibitisha jambo asilolijua. Alisimama na ufunguo mkononi.

"Wangu," alisema.

Vidole vidogo vya baridi vikaingia kati ya vidole vyake, vikakaza. Havikulegea alipofungua mlango, wala alipokaa kula, wala alipozima taa.