Mtambo Uliotolewa na Kamba Yake

Jua lilikuwa linazama nyuma ya malisho tulipofika kwa Mama Libérata, mimi na dada yangu Nishimwe, kuchukua mtambo wa redio. Mtambo wa zamani, wa mawimbi ya kati, mkubwa kama kabati la nguo. Mumewe, Sebagabo, alikuwa mtangazaji. Alifia mbele ya mtambo huo, mikrofoni mkononi. Sasa mjane alikuwa anautafutia nyumba mpya.

Bure.

Parokia yetu, kule chini kuelekea Kirotshe, haikuwa na redio. Nishimwe ndiye angekuwa mtangazaji wake. Njia nzima aliimba, hata dereva wa lori letu la Fuso akasahau kuyatukana matope.

Chumba kilinuka vumbi lililoungua na maziwa yaliyochacha. Kibuyu kilikuwa chini, mbele ya mtambo, kama mbele ya mgonjwa.

"Mashine iko inakunywa maziwa?" Nishimwe alicheka.

"Mwenye iko ndani njo anakunywa."

Mama Libérata hakucheka. Alikunja waya wa mikrofoni, taratibu, akanipa. "Manzi, chukua na kamba yake."

Nilisita.

Kwetu wafugaji, anayetoa ng'ombe hubaki na kamba. Anayepokea huja na yake. Ukipokea ng'ombe na kamba yake, umepokea pia balaa la zizi alikotoka. Kila mtoto wa Masisi anajua hilo.

Lakini huu ulikuwa mtambo, si ng'ombe. Na mikrofoni nyingine tungeitoa wapi?

"Aksanti, Mama," nikasema.

Mjane akamgeukia dada yangu. "Sema kidogo," alinong'ona. "Tusikie kama iko muzima."

Chumba hakikuwa na umeme. Jenereta iliuzwa zamani.

Nishimwe akaichukua mikrofoni mkononi mwangu. "Allô... allô..."

Taa za kioo ndani ya mtambo zikawaka. Nyekundu. Polepole. Kama macho ya mtu anayeamshwa.

Krrr... krrr...

Kisha mwanamume akapumua ndani ya chuma. Pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Aksanti, mutoto. Mi naenda."

Mama Libérata alipiga magoti, machozi ya furaha yakimtiririka. "Sebagabo! Nenda, papa. Nenda upumuzike."

Nishimwe alinigeukia. Mdomo wake ulikuwa wazi.

Midomo ilisogea, lakini sauti haikutoka.

"Kaka...?"

Ilitoka mtamboni.

Nilimshika mjane mabega. "Ulijua!"

"Na wewe ulijua," alisema. "Nimekuona vile ulisita."

Tuliupakia. Tungeuachaje? Sauti ya dada yangu ilikuwa ndani.

Sasa parokia ina redio. Kila jioni mtambo husoma matangazo ya vifo, kwa sauti tamu hata wafiwa hushukuru. Kati ya marehemu mmoja na mwingine, huniita. Nishimwe hukaa kando ya redio ndogo ya mama yetu, akisogeza midomo, akichelewa kidogo nyuma ya sauti yake mwenyewe.

Jana simu ililia. Epiphanie, kutoka Walikale. Kanisa lao, kwenye barabara ya kwenda Bisie, linatafuta mtambo. Nilimwambia wetu unatafuta nyumba mpya. Bure. Akashangilia. Ana sauti nzuri, binti huyo. Nilimuuliza kama huimba.

"Kila siku ya Mungu!" alicheka. "Papa Manzi, tukuje na nini?"

Nishimwe alinishika mkono. Alitikisa kichwa: hapana. Hapana.

Nikampa kisogo.

"Musilete kitu," nilisema. "Kamba tuko nayo."