Nani Alikuwa Akimfungulia Mbwa wa Mamluki?

Bastola ilikuwa imenielekea kifuani, na mimi nimeshika ndoo tupu.

Mume wangu, Djoumoi, alikuwa amesimama barazani akitazama. Nikadhani atasema neno la kunitetea. Akasema...

"Moinaecha, mwombe radhi bwana."

Nimwombe radhi? Mimi?

Wapendwa, ngojeni niwaeleze.

Hii ni Moroni, mji mkuu wetu, miaka ya themanini, mamluki wa Kizungu walipokuwa ndio wenye nchi. Mmoja alikuwa jirani yetu, tukimwita Kapteni. Alikuwa na mbwa mkubwa wa kahawia.

Sisi tulikaa nyumba ya serikali, maana Djoumoi alikuwa karani wizarani. Uani kulikuwa na mawe meusi ya volkano tu. Nikaagiza udongo, nikapanda nyasi kwa mkono, kipande kwa kipande, mpaka zikashika. Alasiri natandika mkeka, nasali pale, nakunywa chai pale. Mwenzenu nilijiona nimefika.

Halafu yakaanza madoa ya njano. Hapa duara, pale duara, nyasi zimeungua kama zimemwagiwa mafuta ya taa.

Mkojo wa mbwa.

Ukiuwahi ukaumwagia maji mengi, nyasi hupona. Lakini maji yetu yalikuwa ya mvua, ya kukinga kwenye birika kubwa la saruji pale uani. Nikawa nachagua, nifue nguo au niokoe nyasi. Na pa kusali hakuna tena, pote najisi.

Nikatandaza miiba. Nikaziba ua kwa mabati. Wapi... mbwa yumo.

Ndipo asubuhi ile nikamkuta anakojoa, nikamwaga ndoo nzima palepale. Maji yakamrukia, akabweka, Kapteni akaingia kwa mlango wa nyuma wa ua na bastola yake.

Niliomba radhi, jamani. Nikaenda kulia jikoni.

Kesho yake nikanunua kufuli la mlango ule. Ufunguo mmoja wangu, mmoja nikampa mume wangu.

"Tuone sasa ataingilia wapi."

"Unahangaika na majani kama huna kazi," akanijibu.

Wiki haikuisha, doa jipya.

Nikachoka. Siku hiyo nikaaga naenda sokoni, nikazunguka, nikarudi kimyakimya na kujibanza nyuma ya birika.

Akaja Djoumoi na ufunguo wake. Akafungua mlango wa nyuma. Kapteni akaingia na mbwa wake, wakakaa kwenye viti vyangu, wakaanza Kifaransa. Mbwa anazunguka, anainua mguu anapotaka.

Kifaransa chenyewe sikijui. Lakini majina hayahitaji mkalimani.

"Abdoulkarim," mume wangu akasema.

Huyo ni kaka yangu, mwalimu wa Mutsamudu. Alikuwa Moroni kwa shangazi yetu, na wakubwa hawakuupenda mdomo wake.

"Ouani," akasema tena. Ndiko uliko uwanja wa ndege wa kisiwa chetu, Anjouan.

Kaka alikuwa arudi huko kwa ndege Ijumaa. Aliyetuambia ni yeye mwenyewe, mezani kwangu, akila wali wangu.

Nikatoka nilivyoingia, nikakimbia hadi kwa shangazi.

"Kaka, usipande ndege."

"Kuna nini?"

"Djoumoi amekuchongea."

Akaanza kufunga mzigo.

Ijumaa askari walimngoja Ouani, hakushuka. Baadaye alivuka hadi Anjouan na mashua ya mizigo, akajificha kijijini Patsy, milimani, mpaka mamluki walipoondoka nchini.

Mimi nilimuuliza mume wangu mara moja tu.

"Kwa nini?"

"Nililinda kazi yangu. Na wewe unakula kwa kazi hiyo."

Hata sauti hakuishusha.

Nikarudi Mutsamudu kwa mama. Huko nyumba za mawe zimebanana, hapaoti hata jani. Lakini nililala usingizi wa kweli.

Dada zangu, kaka zangu, ninyi mnaosoma... miezi mingi niligombana na mbwa, nikamchukia kuliko kitu chochote. Mbwa alikuwa anakojoa tu, ndiyo kazi yake. Ukiona balaa linakurudia ndani kila siku na umefanya yote, usimalizie hasira zako kwa mnyama. Mtazame vizuri unayekula naye.