Namba ya Marehemu

"Laki tisa," mkewe alisema. "Laki tisa za mkopo, kwa mashine isiyoshika mtandao."

"Inashika."

"Inashika nini? Inashika vumbi."

Fundi aliinamia kibodi, akaendelea kubonyeza. Alikuwa mtu wa kuwaka upesi, ila safari hii alikuwa anasemwa kwa haki. Ni yeye aliyeipigia debe laptop ile: chipu yake ni ya ARM, ukoo mmoja na chipu za simu, haina feni, haipati joto, chaji ya asubuhi inakufikisha jioni. Na ni yeye, siku ilipotoka kwenye boksi, aliyefuta mfumo uliokuja nayo kutoka kiwandani akaweka Linux, kwa sababu nyumbani kwake hakuna mashine iliyowahi kukaa na mfumo mwingine. Hakutunza nakala. Kazi alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza, na kila laptop iliyowahi kupita mikononi mwake ilikubali kufutwa bila kinyongo.

Hii haikukubali. Kadi yake ya mtandao inapowashwa hukaa inasubiri faili dogo la kuiamsha, na faili hilo lilikuwa ndani ya ule mfumo alioutupa. Mafaili aliyoyapakua kwa simu aliyajaribu yote, hakuna lililoingia. Kila alipoita orodha ya vifaa, kibodi iliitika, kamera ikaitika, spika ikaitika. Kadi haikuwepo. Ingekuwa mbovu angejua pa kuanzia. Haikuwepo tu, kama kitu ambacho hakijawahi kutiwa mle ndani.

"Kesho asubuhi wananisajili," mkewe akasema, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. Alikuwa amepata kazi ya kujibu ujumbe wa wateja wa kampuni moja ya mbali, kazi ya kwanza tangu kiwanda kimpunguze. "Wamesema kadi ya ndani ya mashine yenyewe. Hawataki simu, hawataki vile vidude vya kuchomeka. Namba ya kadi ndiyo kitambulisho changu. Nikikosa wanampa mwingine."

"Nimesikia."

"Umesikia tangu Jumatatu, mume wangu."

Duka la fundi lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Juu ya rafu, kati ya printa iliyokufa na rundo la chaja, ilikaa laptop pacha kabisa ya ile, yenye mfumo wake wa kiwandani. Ilikuwa ya karani wa mahakama, mwanamume mwembamba, mwenye adabu mpaka inachosha. Aliileta kioo kimepasuka. Kioo kilibadilishwa, karani hakurudi, na baadaye nduguye akapiga simu kusema amefariki, watakuja kuichukua.

Fundi hagusi mafaili ya mteja. Kwa hilo alijisifu mbele ya kila mtu, hata asiyemuuliza. Lakini alimtazama mkewe akipanga karatasi zake za usajili mezani, moja juu ya nyingine, akiziweka sawa kingo kwa kingo, akaiteremsha mashine ya karani.

Alinakili folda nzima ya kadi ya mtandao, kwa haraka, bila kuchambua. Kadi ikaamka. Ndipo alipoona kwamba faili halikuja peke yake. Lilikuja na namba ya kadi ya karani pia, na sasa mashine ya mkewe ilikuwa inajitambulisha mtandaoni kwa namba ya marehemu.

Namba tu, alijiambia. Mwenyewe hayupo, nani atagombana naye?

Orodha ya mitandao ikajitokeza. Wa kwao, wa saluni jirani, na wa tatu usio na jina, nguvu yake imejaa. Fundi akazima ruta. Wa kwao ukapotea. Ule wa tatu haukutikisika.

"Umepaka nini?" mkewe akauliza. "Kunanuka karafuu maiti."

"Sijapaka kitu."

Harufu ilitoka kwenye kibodi.

Asubuhi usajili ulipita. Kwenye kioo yakaja maneno mawili: *Karibu tena.*

"Kwa nini tena?" mkewe alicheka. "Wananijua wapi hawa?"

Watu hudhani majini ni wa usiku. Huyu alikuja mchana kweupe, jua limejaa mlangoni na redio ya saluni inapiga. Binti yao alirudi shuleni, akapita mbele ya meza, akavua viatu katikati ya duka kama kawaida yake, kisha akauliza, "Baba, mama ameenda wapi?"

"Niko hapa, wewe. Acha michezo."

Mtoto hakugeuka. Alichukua begi lake akaliweka juu ya mapaja ya mama yake, taratibu, kama mtu anayeliweka kwenye kiti kitupu, akaenda zake kunywa maji.

Mke na mume wakatazamana.

"Wewe unaniona?" mkewe akanong'ona.

"Nakuona."

Alimwona. Ila ilibidi atazame mara mbili, na hilo hakulisema.

Kisha kibodi ikaanza. Mkewe alikuwa mtu wa kuandika kwa vidole viwili, akizitafuta herufi kama anayechambua mchele, na wakati huo viganja vyake vyote viwili vilikuwa mashavuni. Kilichosikika kilikuwa vidole kumi, vyepesi, vya mtu aliyezeeka akiandika maneno ya watu wengine.

Fundi alimpigia simu mama mkwe wake. Bibi yule alikuwa ametibu watu wa majini miaka mingi kabla ya kuacha kwa kuchoka. Alifika kwa pikipiki, akasimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja.

"Mkwe wangu, umechukua nini cha mtu?"

"Sijachukua, mama. Nimenakili."

"Niambie cha nani. Hayo mengine kawaambie wateja wako."

Akamwambia. Bibi akatafuta pa kukaa.

"Huyo karani hakuandika peke yake. Alikuwa na mwenzake. Mwenyewe kafa, mwenzake kabaki anaita, anaita, haitikiwi. Jana kaitikiwa."

"Aliyeitika ni mashine."

"Aliyesajiliwa kwa namba hiyo ni nani?"

Fundi akaigeuza mashine imwelekee. Bibi akaanza kusoma dua, midomo ikicheza bila sauti, na fundi akafuta faili, akafuta folda, akazima mashine na kuiwasha, akaita orodha ya vifaa, na kwa mara ya kwanza wiki ile akashukuru kuona kadi haipo, akataka kumwambia mkewe kwamba kazi ipotee, mkopo wataulipa hata kwa kuuza vifaa vya duka, lakini kabla hajafungua mdomo kadi ikarudi orodhani yenyewe, bila faili, kwa namba ya karani, na ule mtandao usio na jina ukajaa, na vidole vikaendelea kuandika, na harufu ikawa nzito mpaka ikamkaa kooni, naye akasikia kwamba bibi ameacha kusoma.

"Mwanangu yuko wapi?" bibi aliuliza, polepole.

"Si huyo hapo."

Fundi aligeuka. Kwenye kiti kulikuwa na begi la shule. Halikuwa limelala kitini. Lilikuwa limeinuka kidogo, kimo cha mapaja ya mtu, na lilipanda na kushuka kwa pumzi ndogo ndogo. Alinyoosha mkono juu yake, akagusa baridi. Kisha begi likashuka, polepole, mpaka likakaa juu ya mbao za kiti.

Aliivuta mashine ya karani, akaiweka mbele ya kile kiti, akaifungua.

"Mimi sidhulumu mtu," aliviambia vile vidole. "Chako hiki hapa. Kioo kipya, sikudai hata senti."

Vidole vikatulia.

"Sasa nipe mke wangu."