Maiti Mwenye Nyumba

Kilichoanza ni harufu ya majivu mabichi, ndani ya jeneza jipya kabisa.

Filumena alikuwa amelala humo, macho kafumba, sebuleni kwake mwenyewe. Malta, kisiwa chake, imeshaigizwa kwenye filamu kuwa Yerusalemu, Athene na Baghdadi, naye kafa kote huko: kwa upanga, kwa tauni, mara moja kwa kukanyagwa na farasi mpole. Safari hii wenye filamu walitaka bibi aliyefia nyumbani, na waliipenda nyumba kuliko walivyompenda bibi.

Waombolezaji walikuwa sita. Wa saba akamwinamia sikioni.

"Umekufa," alinong'ona. "Nyumba sasa yangu."

"Kufa mwenyewe!" Filumena akaketi.

"Kata!" alifoka mwongozaji. "Maiti anasema!"

Jioni hiyo alikuta viatu vyake vimepangwa nje ya mlango. Kesho yake, kiti. Keshokutwa, godoro. Akamwita jirani yake Dolor, mfukizaji, naye akachoma majani ya mzeituni yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi, yale yanayotundikwa nyuma ya mlango. Moshi ukatoka mweusi, unanuka.

"Yesu wangu! Plastiki hii!" Dolor alikohoa.

Silvju, mtoto wa kaka yake Filumena, ndiye aliyeipamba nyumba iwe seti ya filamu. Akajikuna kisogo. "Shangazi, lile tawi lako lilikauka. Kwenye kamera lilionekana kama ufagio, nikaweka la plastiki."

"Umemfukuza mlinzi mlangoni, halafu ukanilaza jenezani. Jini gani asingeamini?"

"Shoga, lala kwangu," Dolor alinong'ona, akitazama ngazi. "Usiku mmoja tu."

"Nikilala kwako nimehama. Anachongoja ni hicho hicho."

Silvju akakimbilia magunia ya takataka ya seti kulitafuta lile tawi, Dolor akatoka barazani kusali, na Filumena, peke yake mchana kweupe, akasikia hatua zikishuka ngazi bila haraka, hatua za mtu anayekagua mali yake, zikapita jikoni ambako sufuria zilianza kugongana, zikaja hadi nyuma ya shingo yake, harufu ya majivu ikamjaa kooni, na mikono asiyoiona ikamshika makwapani kwa adabu, kama ashikwavyo maiti, ikaanza kumburuta kuelekea mlangoni.

Akang'ang'ania fremu. "Nimekufa mara kumi na tisa!" alipiga kelele, akirusha mateke. "Na kila mara nimerudi hapa kupika chakula cha jioni! Wewe nani?"

Silvju akaingia na tawi kavu. Dolor akaliwasha. Moshi mweupe ukapanda, na ile mikono ikamwachia, kidole kimoja kimoja. Mlango ukajibamiza kwa nje.

Filamu ilipotoka, mtaa mzima ulikwenda kuitazama. Filumena alibaki jikoni akikaanga sungura. Simu ikalia, Silvju, kutoka ukumbi wa sinema, kwa mnong'ono: "Shangazi, sasa hivi uko jenezani."

Mlango ukagongwa mara tatu, taratibu, kama mtu anayetaka kujua iwapo ndani kuna mtu.

Hakusema karibu.

"Mwenyewe yupo!" alijibu, akamgeuza sungura.

Filamu ile bado inaonyeshwa, miji mingi. Naye bado anajibu.