Ndafu Ilipokuwa Mezani na Jiwe Likiwa Figoni

Ndugu zangu wa huku mlimani, mnanijua mimi ni mshereheshaji. Leo nisomeni bila kucheka.

Jumapili ambayo Angel alipata kipaimara, kwa baba mdogo Eliasi kulikuwa shwari. Mlima umevua mawingu, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, iko mezani, pombe ya mbege inazunguka. Baba mdogo alikaa meza kuu amevaa koti zito, jua la saa saba, anatetemeka.

Nikashika kipaza sauti. "Baba mdogo, tulia basi. Bintiyo kapata kipaimara, haolewi leo."

Watu wakacheka. Naye akacheka. Kisha akalala mezani, uso ndani ya pilau. Tukazidi kucheka, tukidhani ananijibu utani.

Mama mdogo Magdalena ndiye aliyemgusa shingo. Ilikuwa inaunguza.

Kwenye gari la mchungaji, tukimkimbiza hospitali, ndipo mama mdogo akatoa siri. Wiki tatu nyuma daktari alikuta jiwe kubwa limeziba njia ya figo, akaagiza alazwe apasuliwe. Baba mdogo akakataa. Angelalaje wodini mwanawe akipongezwa na baba za watu? Tena mzee mmoja alimhakikishia kuwa mbege husukuma mawe. Akanywa kata kwa kata. Jiwe halikusogea, na nyuma yake mkojo ukageuka usaha.

Daktari wa zamu, dada wa rika langu, alimpima, akatugeukia. "Huyu alitakiwa kuja hapa kwa miguu yake."

Wakamtoboa mgongoni, wakapitisha mrija. Nikaona mfuko unajaa kitu kizito kama uji.

Siku nne hakujitambua. Sumu ilipopungua damuni, wakampasua na kutoa jiwe kubwa kama yai la njiwa. Walilitoa pamoja na figo yenyewe, maana ilikwisha kufa.

Alipopata nguvu aliniuliza jambo moja tu. "Nilianguka Angel ameshakata keki?"

"Bado, baba mdogo. Haikukatwa."

Akageukia ukutani.

FUNZO

Sherehe huahirishwa, figo iliyoziba haisubiri. Ukiumwa ubavu na homa ikapanda, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mbege haijawahi kumpasua mtu jiwe. Na wewe mtani mwenzangu, ukiona mtu anatetemeka juani, weka kipaza sauti chini kwanza. Mguse shingo.